Spicer-Simson: Ofisa aliyepitisha boti mbili milimani hadi Ziwa Tanganyika

Wasikilizaji wetu wengi wa mwambao, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wanaijua historia ya MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa na kuopolewa. Wachache wanajua habari za boti mbili ndogo za Waingereza zilizoondoa utawala wa Wajerumani ziwani kabla ya hapo. Boti hizo zilifika ziwani kupitia nchi kavu, zikiwa juu ya matela, katika njia iliyokatwa msituni kwenye milima ya Kongo.

Aliyeongoza msafara huo ni Geoffrey Spicer-Simson. Leo tunaeleza maisha yake, na pia habari za watu waliofanya njia ile ipitike, ambao majina yao hayakuandikwa.

Ofisa asiyekuwa na bahati

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia. Familia yake ilihamia Ufaransa akiwa bado mtoto, na huko alijifunza Kifaransa, lugha iliyomfaa sana baadaye. Akiwa na miaka 14 alijiunga na jeshi la majini la Uingereza.

Kazi yake haikupanda haraka. Alipima mto Yangtze huko China, kisha mto Gambia, Afrika Magharibi. Wenzake walimjua kama mtu wa majigambo, mwenye kusimulia mambo makubwa aliyodai kuyafanya. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na miaka 38. Mwezi Novemba mwaka huo meli ndogo ya kivita iliyokuwa chini yake, HMS Niger, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza, wakati yeye yuko nchi kavu. Baada ya hapo alipewa kazi za mezani mjini London.

Kwa nini boti zipite milimani?

Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala Ziwa Tanganyika. Mwezi Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann ilishambulia Lukuga, mji unaoitwa Kalemie leo, na kuiharibu meli ya Wabelgiji. Wajerumani walikuwa na faida moja kubwa: reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo walileta vipande vya meli kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70, wakaiunganisha hapa Kigoma.

Waingereza na Wabelgiji hawakuwa na reli ya moja kwa moja kufika upande wao wa ziwa. Mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, aliyeijua nchi hii vizuri, ndiye aliyepeleka wazo London mwaka 1915: boti ndogo za injini zisafirishwe kwa meli hadi Afrika Kusini, zipande treni kuelekea kaskazini, kisha zivutwe nchi kavu zivuke milima ya Mitumba. Wakubwa walikubali. Maofisa wazuri walikuwa tayari vitani, hivyo uongozi ukaangukia kwa Spicer-Simson.

Boti zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi kila moja. Spicer-Simson alitaka ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huwapa wanyama hao kwa utani. Msafara uliondoka Uingereza mwezi Juni 1915 ukiwa na watu wasiofika 30.

Njia ya Fungurume

Treni iliwafikisha Fungurume, Katanga, mwezi Agosti. Hapo reli iliisha. Mbele yao kulikuwa na kilomita zipatazo 235 za pori na milima hadi Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilianzia. Walipaswa kuvuka kabla ya masika, kwa sababu mvua ingegeuza njia kuwa tope.

Lee alikuwa ametangulia kuchagua njia na kuajiri watu. Vibarua wa vijiji vya huko walikata miti, wakang'oa visiki, wakavunja mawe na kujenga madaraja zaidi ya 100 kwenye makorongo na vijito. Lakini Lee hakuuona mwisho wa kazi. Aliondolewa kwenye msafara, na sifa za wazo lake zikaenda kwa mwingine.

Kila boti iliwekwa juu ya tela lake. Wavutaji walikuwa matrekta mawili makubwa ya mvuke, yanayochoma kuni, pamoja na makundi ya maksai. Hapo ndipo mtu aliyewahi kupeleka gari zito kwenye barabara ya mlimani atakapoelewa taabu yao. Uzito ulikuwa adui wa kwanza: magurudumu yalizama kwenye udongo laini, na madaraja ya magogo yalilegea chini ya matrekta. Mteremko ulikuwa hatari kama mlima wenyewe, kwa kuwa tela lenye boti linaweza kulisukuma trekta lililo mbele yake.

Palipokuwa na mwinuko mkali uliowashinda matrekta, walifunga kapi kwenye mti mkubwa, wakapitisha kamba, na kuwaelekeza maksai washuke bondeni. Maksai waliposhuka, boti ilipanda. Ukikwama leo kwenye barabara ya msituni, mbinu hiyo ya kamba, kapi na mti imara bado inafanya kazi.

Adui wa pili alikuwa ukosefu wa maji. Trekta la mvuke halitembei bila maji, na ilikuwa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya jirani waliitwa, wakabeba maji kwa vyombo vichwani kutoka mbali ili kujaza matangi. Wanaume wa msafara walilala kwenye mahema na kugawiwa maji ya kunywa kwa kipimo, huku sehemu kubwa ikipelekwa kwenye mitambo.

Njia ilipanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha ikashuka. Mwishoni mwa Septemba, baada ya wiki sita hivi, boti zote mbili zilifika Sankisia zikiwa nzima. Zilipanda treni tena, zikashuka mto Lualaba uliokuwa na maji machache kiasi cha kukwama mchangani mara kwa mara, kisha zikapanda treni ya mwisho hadi karibu na Lukuga. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Kutoka Uingereza walikuwa wamesafiri karibu kilomita 16,000.

Dakika chache za vita

Boti ziliingizwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilikaribia Lukuga kuchunguza. Mzinga wake ulielekea mbele tu, hivyo Mimi na Toutou ziliifuata kwa nyuma. Katika dakika zisizozidi 15 nahodha wake aliuawa na meli ikatekwa. Waingereza waliitengeneza wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann.

Umaarufu wa Spicer-Simson ulienea pande zote za ziwa. Alikuwa na michoro ya nyoka mwilini na alipenda kuvaa sketi ya khaki badala ya suruali. Waholoholo wa Lukuga walimpa jina la Bwana Chifunga-Tumbo kwa ajili ya vazi hilo.

Lakini ilibaki Götzen. Ilikuwa na mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manuwari Königsberg, iliyozamishwa delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Ilipotokea ziwani baada ya Hedwig kuzama, Spicer-Simson aliitazama na hakuishambulia. Mwezi Juni 1916 huko Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga, alisita tena, na askari wa Kijerumani wakatoroka kwa majahazi. Wabelgiji na maofisa wenzake hawakulisahau hilo. Afya yake ilidhoofika, akarudishwa Uingereza.

Götzen haikuzamishwa naye. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi Julai 1916 katika ghuba ya Katabe, wakiwa wamepaka mitambo yake grisi, kwa sababu majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanakaribia Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Baada ya vita

Spicer-Simson alipewa nishani ya Uingereza na za Ubelgiji, lakini hakupewa tena meli ya kuongoza vitani. Kifaransa chake kilimpatia kazi ya ukalimani katika mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919. Kisha, kwa miaka mingi, alikuwa katibu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco. Alifariki mwaka 1947 huko British Columbia, Kanada.

Sifa ni ya nani?

Watu wamebishana kama alikuwa shujaa au mwenye majivuno tu. Sisi tunaona kwamba alistahili sifa kwa kuamini kuwa safari inawezekana na kuifikisha mwisho. Lakini vita vyote viwili vya ziwani havikufika saa tano vikiunganishwa, wakati njia ya milimani ilichukua wiki sita, na ushindi ulipatikana huko. Aliyeng'oa kisiki, aliyefunga magogo ya daraja na mama aliyebeba ndoo kwa ajili ya trekta wasingekuwepo, Mimi na Toutou zingebaki Fungurume.

Watu hao hawakupewa nishani, na wengi wao hawakuelezwa boti zile zilikuwa zinaenda kufanya nini. Kijijini kwako huenda kuna barabara au daraja ambalo wazee walilijenga kwa mikono yao katika miaka ya wakoloni. Kama bado wapo wanaokumbuka habari hizo, waulizeni sasa, na andikeni majina.