Selim Bey: Askari Aliyeachwa na Serikali Yake

Mtaa wa Olympic umo Kibera, jijini Nairobi, na jirani yake ni Makina, makao ya tangu jadi ya Wanubi. Jina la Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wengi wa wakazi wa leo walifika huko kutafuta kazi na nyumba za kodi nafuu, lakini Wanubi walifika wakiwa askari na familia za askari. Chanzo cha safari yao hakiwezi kuelezwa bila kumtaja afisa mmoja ambaye hakuwahi kuiona Nairobi, kwa kuwa alifariki kabla ya mji huo kuanzishwa. Afisa huyo ni Selim Bey.

Selim alikuwa Msudani katika jeshi la Misri. Wakati huo watawala wa Misri, walioitwa Khedive, walikuwa wameeneza himaya yao hadi jimbo la Ikweta, yaani sehemu ambazo leo ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Mwaka wa 1878 jimbo hilo lilikabidhiwa Emin Pasha, tabibu mzaliwa wa Prussia. Askari wake wengi walitoka katika makabila mbalimbali ya Sudan, na baadhi yao waliingia jeshini kwa njia ya utumwa. Kilichowaunganisha kilikuwa Uislamu, Kiarabu cha kambini na ngazi za vyeo. Mwanafunzi wa Kiswahili atazitambua ngazi hizo mara moja: ombasha, shaushi na afande ni maneno yenye asili ya Kituruki, yaliyoifikia lugha yetu kwa kupitia majeshi ya namna hiyo.

Mnamo Januari 1885 wafuasi wa Mahdi waliiteka Khartoum. Jimbo la Ikweta likakatika na Misri. Mishahara haikufika, wala risasi, wala amri. Askari walibaki na bendera ya serikali iliyo mbali, nao wakalazimika kujilisha kwa jasho na mara nyingi kwa mali ya wanavijiji waliowazunguka. Nidhamu ilipolegea, maafisa kadhaa walimwasi Emin mwezi wa Agosti 1888 na kumtia kizuizini. Selim hakuwa kiongozi wa uasi huo. Mwishoni mwa mwaka uo huo, majeshi ya Mahdi yalipoishambulia ngome ya Dufile, yeye alikuwa mstari wa mbele miongoni mwa walioilinda na kuwarudisha nyuma washambulizi.

Henry Morton Stanley, aliyekuja kumwokoa Emin, alimwahidi Selim muda wa kuwakusanya askari na jamaa zao ili waondoke pamoja. Safari ya kuwaleta wanawake, watoto na wazee ilichukua muda mrefu kuliko Stanley alivyoweza kuvumilia. Aprili 1889 msafara uliondoka na Emin, na Selim aliporejea akakuta kambi ni tupu. Akapiga makazi huko Kavalli, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Albert, pamoja na wale waliomfuata.

Mwaka wa 1891 Selim alijaribiwa mara mbili. Kwanza alirudi Emin mwenyewe, safari hii akiwa mtumishi wa Wajerumani, akataka askari wake wa zamani wajiunge naye. Selim alikataa, kwa hoja kwamba yeye alikula kiapo kwa Khedive wala si kwa mtu binafsi. Kisha mwezi wa Septemba alifika Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa, aliyekuwa na haja kubwa ya askari wa kuilinda Kampuni nchini Buganda. Selim hakumkataa, lakini alishikilia sharti lile lile: lazima ipatikane idhini ya Khedive. Lugard alikubali kupeleka ombi hilo Misri, nao wakaondoka Kavalli zaidi ya watu 8,000. Wenye silaha walikuwa mia kadhaa tu. Waliosalia walikuwa wake, watoto na watumishi.

Msimamo huo wa Selim ndio unaoyapa maisha yake uzito. Hapakuwa na mtu wa kumlazimisha atafute idhini, kwa kuwa serikali yake ilikuwa imemsahau kwa miaka sita. Hata hivyo alifahamu kuwa askari asiye na mamlaka halali juu yake hana tofauti na mnyang'anyi mwenye bunduki.

Lugard aliwaweka wengi wa askari hao katika ngome alizojenga mpakani mwa Toro, bila posho ya kutosha na bila usimamizi wa karibu. Matokeo yake yalikuwa machungu kwa raia. Mazao na mifugo viliporwa, na wanawake wakachukuliwa kwa nguvu. Sir Gerald Portal alipofika Uganda mwaka wa 1893 kwa niaba ya serikali ya Uingereza, malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya aamuru ngome hizo zihamwe. Haifai kuwatakasa askari kwa kuwa nao walidhulumiwa. Wala haifai kuisahau Kampuni, iliyowapa bunduki bila kuwapa chakula.

Portal aliondoka mwishoni mwa Mei 1893 akamwachia Kapteni Macdonald madaraka. Wakati huo Waganda Waislamu walikuwa wakigombana na wenzao Wakristo juu ya ardhi na vyeo. Selim, aliyekuwa Port Alice, yaani Entebbe ya leo, alituma ujumbe kwamba kuwapiga vita Waislamu kungekuwa ni kumpiga vita yeye pia. Macdonald aliuona ujumbe huo kuwa uasi. Mwezi wa Juni aliwanyang'anya silaha Wasudani wa Kampala, akamkamata Selim na kumhukumu kupelekwa pwani. Selim alikuwa tayari mgonjwa. Hakuifika pwani, alifia Naivasha mwaka huo huo, akiwa mfungwa.

Lugard alimtetea baadaye kwa maandishi, akishikilia kuwa mzee yule alikuwa mtiifu na kwamba alitendewa isivyostahili. Macdonald aliamini kuwa aliiepusha Uganda na vita. Yeyote kati yao aliyesema kweli, Selim alivuka mpaka pale alipotumia bunduki za serikali kama mizani katika ugomvi wa raia. Lakini serikali nayo ilikwisha kuuvuka mpaka huo kabla yake, kwani tangu zamani za Lugard askari walitumiwa kuamua ni kundi gani la Waganda litawale.

Kumwondoa kiongozi hakukuondoa kiini cha manung'uniko. Septemba 1897, askari wa Kisudani walioamriwa kufuatana na Macdonald yule yule katika safari nyingine ndefu waliasi huko Eldama Ravine. Walilalamikia mshahara mdogo uliocheleweshwa, safari zisizokoma na kutenganishwa na familia. Walijifungia katika ngome ya Lubwa, Busoga, na kuwaua Waingereza watatu waliowashika, akiwemo kamanda wao Thruston. Iliwabidi Waingereza kuleta majeshi kutoka India. Baada ya damu hiyo mishahara iliongezwa, na mwaka wa 1902 jeshi la King's African Rifles likaundwa.

Jeshi hilo ndilo lililowaweka askari wastaafu wa Kisudani Kibera. Mwaka wa 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Mwaka wa 1928 jeshi liliukabidhi utawala wa raia usimamizi wa Kibera, na Tume ya Ardhi ya Carter, mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji tu katika ardhi ya serikali. Wajukuu wa askari walisubiri hadi Juni 2017 ndipo jamii yao ilipopewa hatimiliki, nayo ilikuwa ya ekari 288.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 239, inaviweka vyombo vya usalama wa taifa chini ya mamlaka ya kiraia. Maisha ya Selim Bey yanaonyesha kuwa utiifu huo una pande mbili. Askari anadaiwa kutii, naye anayeamuru anadaiwa kuwepo, kulipa, kutoa amri za haki na kumkumbuka mtumishi wake baada ya bunduki kurudishwa ghalani. Selim alilipa sehemu kubwa ya deni lake. Deni la upande wa pili limeandikwa katika ardhi ya Kibera, na tofauti kati ya ekari 4,197 na ekari 288 ni hesabu ambayo kila mpita njia wa Olympic anaweza kuifanya.