Hans Wilsdorf: Yatima aliyeitoa saa mfukoni akaivisha mkononi

HANS Wilsdorf hakusomea ufundi wa saa, wala si yeye aliyebuni saa ya mkono. Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi saa hiyo ilivyoacha kuwa pambo na kugeuka chombo cha kazi cha kila siku bila kulitaja jina lake.

Alizaliwa Machi 22, 1881 katika mji wa Kulmbach, nchini Ujerumani. Alipotimu umri wa miaka 12, alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Jamaa waliobaki na ulezi wake waliuza biashara ya familia na kumpeleka katika shule ya bweni mjini Coburg. Huko alibobea katika hisabati na lugha, na mapema mno akajifunza kujitegemea.

Mwaka 1900 aliajiriwa na kampuni ya Cuno Korten huko La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi uliosifika kwa saa. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za Kiingereza. Aidha, alitakiwa kutia ufunguo mamia ya saa kila siku na kuhakikisha kuwa zilikwenda sawasawa. Kwa kazi hiyo ya kuchosha, kijana huyo alizoea kuipima saa kwa ukweli wake siku baada ya siku, si kwa dhahabu iliyoizunguka.

Mnamo 1905, akiwa London, alianzisha kampuni pamoja na Alfred Davis. Enzi hizo mwanamume wa heshima alibeba saa mfukoni, ikiwa imefungwa kwa mkufu. Saa ya mkono ilichukuliwa kuwa bangili ya wanawake. Wengi waliamini kuwa mtambo mdogo kiasi hicho haungestahimili mtikiso wa mkono, vumbi na jasho. Wilsdorf alishikilia kinyume. Aliagiza mitambo kutoka kiwanda cha Aegler mjini Bienne, Uswisi, na mwaka 1908 akasajili jina Rolex, fupi na jepesi kutamkwa katika lugha nyingi.

Ushahidi ulianza kujitokeza. Mwaka 1910 saa yake ya mkono ilipata cheti cha usahihi mjini Bienne. Julai 15, 1914 kituo cha Kew nchini Uingereza kiliitunuku nyingine cheti cha daraja la kwanza, baada ya kuijaribu kwa siku 45, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto. Hazikupita hata wiki tatu Uingereza ikaingia vitani. Askari ambao mikono yao ilishika silaha hawakuwa na nafasi ya kupekua mifuko, na saa ya mkono ikakoma kudharauliwa.

Vita hivyo havikuwa neema tupu kwake. Jina la Kijerumani lilikuwa mzigo London, na kampuni ikalibadilisha mwaka 1915. Ushuru wa kuingiza saa nao ulipanda. Hatimaye alihamia Geneva, alikosajili kampuni mwaka 1920.

Maji na vumbi vilibaki maadui. Mwaka 1926 alitoa saa aliyoipa jina la chaza, Oyster, ambayo mfuniko na kifundo chake cha kutilia ufunguo vilikazwa kwa hesi. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Wilsdorf alijua hata kizuri huhitaji mpiga mbiu. Oktoba 1927 alimpa mwogeleaji Mercedes Gleitze saa hiyo, naye akaivaa shingoni akijaribu tena kuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Baridi ilimshinda baada ya zaidi ya saa 10 majini. Saa ilitoka ikiwa inakwenda, na mwezi uliofuata ikatangazwa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail.

Mwaka 1931 kampuni iliongeza kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika na kuikaza kamani. Wazo la saa ya kujijaza lilikuwa la kale, ila sasa aliyevaa saa hakuwa na haja ya kulegeza kifundo kila siku na kuyafungulia maji njia. Saa iliishi kwa mwendo wa mwenyewe.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maafisa wa Uingereza waliokuwa mateka Ujerumani waliruhusiwa kuagiza saa zake na kulipa vita vikiisha. Kwa mateka, mkopo huo ulimaanisha kuwa kulikuwa na mtu aliyeamini wangerudi nyumbani.

Mkewe, Florence, alifariki mwaka 1944. Hawakuwa na watoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf aliunda wakfu uliokuja kumiliki kampuni yote, na ambao hadi leo hufadhili shughuli za hisani mjini Geneva. Aliaga dunia Julai 6, 1960.

Miaka tisa baadaye saa za mkono za kwatzi (quartz) zilianza kuuzwa, zikiwa sahihi kuliko mtambo wowote wa kamani. Leo simu ya bei nafuu huzishinda kwa usahihi saa zake zote. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuvaa saa za magurudumu kazini na safarini, kwa sababu fundi anaweza kuzifungua, kuzisafisha na kuzirejesha kwa mwenyewe, kisha kwa mwanawe. Saa ya namna hiyo ikifungiwa kabatini husimama. Ikivaliwa, huendelea.