Mchezo wa mtoto si upuzi: funzo la maisha ya Froebel

Kila shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, mimi hukutana njiani na watoto wa umri wa miaka minne, mikoba imewalemea mgongoni utadhani wapagazi. Jioni huwaona tena wameketishwa mezani wakinakili herufi kurasa nzima nzima, na usingizi umewajaa machoni. Mwenzao anayefinyanga gari la udongo uani huitwa mtundu, au huambiwa kuwa anapoteza wakati. Mzazi aliyejinyima ili alipe karo anataka kuona daftari limejaa, na mwalimu anayehofia kupoteza wanafunzi anamridhisha. Baina ya wawili hao, mtoto hana wa kumtetea.

Linalonishangaza ni kwamba mtu aliyeanzisha shule hizi tunazoziita chekechea alikusudia kinyume kabisa cha hayo. Jina lake ni Friedrich Froebel. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu hulikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani, na wakishapasi hulisahau. Naomba leo niyasimulie maisha yake, kwa kuwa naamini kwamba anayeyajua hatauona tena mchezo wa mtoto kuwa ni upuzi.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye vilima vyenye misitu vya Thuringia, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Babake alikuwa kasisi wa Kilutheri, mwenye waumini wengi na nafasi ndogo ya kukaa na wanawe. Mamake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baadaye baba alioa tena, na mwanzoni mama wa kambo alimpenda mtoto yule. Lakini alipojifungua wa kwake, mapenzi yalihama. Katika Kijerumani kuna namna ya kumsemesha mtu wa karibu na namna ya kumsemesha mtu wa mbali. Mama yule aliiacha ile ya kwanza akaishika ya pili. Mabadiliko ya neno hilo moja Froebel hakuyasahau maishani mwake. Sisi ambao tumezoea kumwita mtoto yeyote mwanangu, hata asiyekuwa wa damu yetu, twaweza kulielewa jeraha hilo.

Nyumba yao ilizungukwa na kuta na nyua, na mtoto alikatazwa kuvuka mpaka wa ua. Humo alishinda akitazama maua na wadudu, akijiuliza maswali ambayo hapakuwa na mtu wa kuyajibu. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwani nitalirejea. Mtoto yule alikuwa salama, lakini alikuwa peke yake. Alipofika umri wa miaka kumi, mjomba wake, nduguye marehemu mama, alimchukua akaishi naye katika mji wa Stadtilm. Kwa mjomba alipata uhuru wa kutembea, wenzake wa kucheza nao, na mtu mzima aliyemwamini. Miaka hiyo michache ilimwonyesha tofauti kati ya kufungiwa na kulelewa.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Akiwa na miaka kumi na mitano aliwekwa chini ya bwana msitu ajifunze kazi hiyo, na kwa kuwa bwana huyo hakuwa na wasaa wa kumfundisha, kijana alijifunza mwenyewe mimea na vitabu. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena, lakini fedha zilimwishia, na deni likamtia katika jela ya chuo kwa wiki kadhaa. Aliondoka bila shahada. Akafanya kazi hii na ile, hadi mwaka 1805 alipofika Frankfurt kwa nia ya kusomea ujenzi wa majumba. Huko mwalimu mkuu mmoja, Anton Gruner, alimshawishi ajaribu kufundisha katika shule yake. Froebel aliingia darasani, na kutoka siku hiyo alijua kazi aliyozaliwa kuifanya.

Mwaka huo huo alimzuru Pestalozzi, mwalimu mashuhuri aliyekuwa na shule Yverdon, nchini Uswisi, na baadaye akarudi akakaa naye kati ya 1808 na 1810. Kwa Pestalozzi alijifunza kwamba mtoto huelewa kwanza kwa macho na mikono kabla ya maneno. Halafu alirudi vyuoni, Göttingen na Berlin, na mwaka 1813 akajiunga na jeshi la kujitolea lililompinga Napoleon. Vita vilipokwisha alifanya kazi katika hifadhi ya mawe na madini mjini Berlin. Huenda mtu akauliza kazi ya mawe inahusu nini na watoto. Inahusu sana. Katika kuyachunguza mawe yale, Froebel aliona jinsi umbo kubwa linavyojengwa na maumbo madogo kwa utaratibu usiobadilika. Wazo hilo ndilo lililokuja kuzaa vipande vya mbao ambavyo watoto wa dunia nzima huvijengea minara hadi leo.

Mwaka 1816 aliacha kazi hiyo akafungua shule katika kijiji cha Griesheim. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watano, wote watoto wa ndugu zake. Watatu kati yao walikuwa mayatima wa kakake aliyefariki baada ya kuambukizwa ugonjwa alipokuwa akiwauguza askari. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau, na mwaka 1826 Froebel alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu elimu ya binadamu. Baada ya hapo alifanya kazi Uswisi, na mjini Burgdorf akapewa kusimamia nyumba ya mayatima. Kadiri alivyofundisha, ndivyo alivyozidi kusadiki kwamba walimu huletewa watoto wakiwa wamechelewa. Tabia, udadisi na hata woga wa mtoto huwa vimekwisha kujengwa nyumbani, katika miaka ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ya elimu.

Basi mtu huyu, akiwa na miaka hamsini na mitano, umri ambao wengi huanza kufikiria kupumzika, alianza upya. Mwaka 1837 alifungua mahali pa watoto wadogo mjini Blankenburg, na mwaka 1840 akapapa jina: bustani ya watoto. Husimuliwa kuwa jina hilo lilimjia ghafla akiwa anatembea vilimani na marafiki zake. Hakulichagua kwa kupamba. Mkulima hauvuti mche ili urefuke. Huutilia maji, huupalilia, huukinga na mbuzi, kisha huungoja. Na bustani yenyewe ilikuwapo kweli: kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo cha kupanda na kukitunza, na palikuwa na vitalu vya wote.

Vifaa alivyovitunga Froebel aliviita zawadi, navyo vilifuatana kwa utaratibu. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya sufu, ya rangi mbalimbali, yenye kamba, ambayo mama angeweza kumchezea mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa tufe, mche mraba na mcheduara, vyote vya mbao. Zilizofuata zilikuwa miche mraba iliyogawanywa katika vipande, ambavyo mtoto huvitengua na kuvijenga tena. Baada ya zawadi zilikuja kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kushona, kufinyanga udongo, na kuunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa majini. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama, akisadiki kwamba mapaja ya mama ndilo darasa la kwanza.

La kusikitisha ni kwamba hakufa akiwa na furaha. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani za watoto, ikidai kwamba zinaeneza siasa za ujamaa na ukanaji wa Mungu. Kwa sehemu, wakuu walikuwa wamemchanganya na mpwa wake, Karl Froebel, aliyekuwa ameandika kijitabu kuhusu elimu ya wanawake. Mzee alijaribu kujieleza, wasimsikilize. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1860. Lakini wanawake aliowafunza walikuwa wamekwisha kuibeba mbegu. Mwaka 1851 bustani ya aina hiyo ilifunguliwa London, na mwaka 1856 Margarethe Schurz akafungua nyingine mjini Watertown, Marekani. Juu ya kaburi lake kuliwekwa nguzo ya maumbo yale matatu ya zawadi ya pili: mche mraba, mcheduara na tufe.

Sitamsifu kupita kiasi. Maandishi yake ni mazito na yana mafumbo mengi. Isitoshe, baadhi ya wafuasi wake waligeuza zawadi kuwa amri: watoto wakaketishwa safu kwa safu, wote wakainua kipande kimoja kwa wakati mmoja kwa agizo la mwalimu. Huko kulikuwa kuua mchezo kwa jina la mchezo. Nasi tujihadhari. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, unatambua mchezo kuwa njia ya kujifunza. Lakini mtaala hauna mikono. Ikiwa mzazi na mwalimu hawajasadiki, daftari litaendelea kujazwa, na mchezo utabaki katika vitabu vya mwongozo.

Wapo watakaoniambia kuwa zawadi za Froebel ni za matajiri. Nawajibu kwamba hapana nyumba ya Kenya isiyokuwa nazo. Mpira wa matambara ni zawadi ya kwanza. Vipande vya mbao anavyotupa seremala, vikishapigwa msasa visichome, ni zawadi ya tatu na ya nne. Udongo upo mtoni, na majani ya migomba na ukindi wa kusuka upo shambani. Mtoto anayepanga vijiti kumi mafungu mawili mawili anajifunza hesabu, ingawa hakuna aliyempa alama. Anayekunja karatasi kati kwa kati ameiona nusu kabla hajalisikia jina lake. Na vidole vilivyofinyanga na kusuka ndivyo vitakavyoshika kalamu bila kutetemeka wakati wake ukifika.

Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuketi karibu. Hapa ndipo ninaporejea ule ua wa Oberweissbach. Wazazi wengi, kwa kuhofia ajali, humfungia mtoto ndani na kumwachia runinga au simu. Wengine humwacha azurure atakavyo. Froebel hakutaka hili wala lile. Tazama utaratibu wa vifaa vyake: kilicho laini kilitangulia, kigumu kikafuata, na kazi za sindano na makasi zikangoja hadi mkono uwe umekomaa. Usalama ulikuwa ndani ya mafunzo yenyewe.

Leo tunajua zaidi ya alivyojua yeye. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Kwa hiyo njegere, maharagwe, shanga na vizibo si vyombo vyake, kwa kuwa vyaweza kumkaba koo. Mpira wenye kamba usiachwe kitandani mwa mtoto mchanga, maana kamba yaweza kumnyonga. Ndoo yenye maji kidogo tu yatosha kumzamisha mtoto anayeanza kutembea. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto huijua chupa hiyo kuwa ya kinywaji. Jiko liwe mbali na mahali pa mchezo, na makasi yawe yenye ncha butu. Hayo yote hayagharimu fedha nyingi. Yanagharimu jicho la mtu aliye karibu, na jicho hilo hilo ndilo linalojibu maswali.

Kwa walimu wenzangu ningependa kusema hivi: mzazi akiuliza mbona daftari la mwanawe ni tupu, msiogope. Mwonyesheni mkeka aliousuka mtoto kwa karatasi, mumweleze ni hesabu gani imo ndani yake. Nanyi wanafunzi wa ualimu, msilikariri jina la Froebel bila kukumbuka yule mtoto aliyeachwa peke yake uani.

Wengi hupenda kutukumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, wakidhani kuwa methali hiyo inaruhusu kumlazimisha mtoto. Lakini hata samaki mbichi akikunjwa kwa pupa hupasuka. Basi jioni ya leo, kabla hujamwitia mwanao daftari, keti naye chini dakika chache, mpe udongo au vijiti, kisha umwache yeye akuonyeshe anachotaka kujenga.