Kleist Sykes: yatima wa Pangani aliyewaachia wajukuu elimu na umoja

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyelelewa yatima kisha akawa mlezi wa umma, pamoja na aali zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, Ijumaa hii tumeona ni vyema tuwakumbushe wasomaji wetu, hasa wazazi walioko Ndanda, Masasi na Newala, habari za mzee mmoja ambaye jina lake limo katika historia ya nchi yetu, lakini watoto wetu wengi hawamjui. Mzee huyo ni Kleist Sykes.

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, miongoni mwa askari walioletwa na Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1889 kuja kupigana na Abushiri bin Salim na watu wa mwambao. Tuizingatie hekima ya Mwenyezi Mungu katika jambo hili. Baba aliletwa na wakoloni kuuvunja upinzani wa watu wa pwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Mwana wa askari huyo huyo akaja kuwa miongoni mwa waliowajengea watoto wa Kiislamu shule. Hakuna mtu anayechagua mlango wa kuingilia duniani; kila mmoja ataulizwa alichokifanya baada ya kuingia.

Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Kleist akalelewa na Affande Plantan, mkubwa wa askari wale wa Kizulu, akakua pamoja na watoto wa nyumba ile kama ndugu. Huyu mlezi naye tusimsahau. Laiti angelimwacha yatima yule mlangoni, habari hizi zisingekuwapo. Kleist akasomeshwa katika shule ya Wajerumani, akaijua lugha yao kwa kuizungumza na kuiandika, na baadaye akajua Kiingereza pia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Kleist alikuwa kijana wa miaka 20. Akaingia katika jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Wazee wa kusini wanavikumbuka vita hivyo kwa masimulizi ya babu zao, maana mwisho wake ulifika milangoni mwao. Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa mapigano makali kupita kiasi. Mwezi uliofuata majeshi yakapita Ndanda, ambako Wabenediktini walikuwa na misheni tangu mwaka 1906, yakaingia Masasi, yakapanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala. Tarehe 25 Novemba Wajerumani wakavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma yao waliacha mashamba matupu, njaa na makaburi ya wapagazi waliobebeshwa mizigo isiyokuwa yao.

Vita vilipokwisha, Kleist hakubaki kulilia utawala ulioondoka. Aliajiriwa karani katika Shirika la Reli, akaendelea kujifunza. Mwaka 1923 alimwoa Bi. Mruguru binti Mussa, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto watatu wa kiume: Abdulwahid aliyezaliwa 1924, Ally 1926 na Abbas 1929.

Mwaka huo wa 1924 alifika nchini Dk. James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kleist alionana naye, na kutokana na mazungumzo yao likamkaa moyoni wazo la Waafrika kuwa na chama chao. Mwaka 1929 African Association ikaasisiwa Dar es Salaam, Kleist akiwa katibu. Rais wake alikuwa Mwalimu Cecil Matola, Mkristo wa kabila la Wayao, na jina la Matola halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Newala. Basi Mwislamu aliyezaliwa Pangani na Mkristo wa Kiyao walikaa meza moja kwa maslahi ya watu wao, na wala hakuna aliyeiacha dini yake ili amridhishe mwenziwe.

Kwa upande wa dini, Kleist aliona jambo lililowasumbua wazee wengi wakati ule. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na baba Mwislamu alijikuta baina ya mambo mawili: ampeleke mtoto shule huku akiihofia imani yake, au amzuie abaki bila elimu ya dunia. Kleist na wenziwe, akiwamo Mzee bin Sudi, hawakuridhika na lolote kati ya hayo. Mwaka 1933 wakaasisi Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na chini yake wakajenga shule ambamo mtoto alisoma Qur'ani pamoja na masomo mengine chini ya paa moja. Hawakukaa kulalamika tu. Walichanga fedha na kutoa nguvu zao.

Kleist alifariki dunia mwaka 1949, kabla ya kuiona TANU wala uhuru. Lakini wanawe Abdulwahid na Ally walikuwamo miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954, katika jengo lile lile la chama alichokitumikia baba yao, mtaa ambao sasa ni Lumumba.

Na khatima ya habari hii ni kwamba Kleist aliandika maisha yake kwa mkono wake. Mjukuu wake Daisy, binti wa Abdulwahid, aliyachukua maandishi yale akaandika maisha ya babu yake, yakachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Lau babu asingeandika, au mjukuu asingejali, mengi tuliyoyasimulia hapa yangezikwa pamoja naye.

Enyi wazazi wenzetu, aya za mwanzo kuteremshwa zilitaja kusoma, na zikaitaja kalamu. Katika nyumba zetu wamo mababu na mabibi waliovuka mito, waliokimbia njaa, waliofundisha Qur'ani chini ya mikorosho bila ujira. Mpeni mjukuu daftari, akae miguuni pa babu yake baada ya Swala ya Alasiri, aulize na kuandika. Na yatima aliye jirani yenu msimwache mlangoni.

Twamuomba Allah amrehemu Mzee Kleist Sykes na wazee wetu wote waliotangulia, na azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za imani na elimu. Amin.