Askofu Josiah Kibira na Ukoo wa Kanisa

Ndugu msomaji, mgeni akifika nyumbani kwako Omurushaka humwulizi jina tu. Unamwuliza pia ni wa ukoo gani. Akikujibu, unajua mwiko wake na unajua watu wake. Huenda ukaona kwamba ni ndugu yako. Mtu asiye na ukoo ni kama mgomba uliong'olewa. Hana pa kushika mizizi.

Sasa fikiri. Mtu akibatizwa, je, anapata ukoo mwingine? Watu wa Kanisa ni ndugu zake kweli, au ni watu wa kukutana Jumapili na kuagana? Mtu mmoja wa mkoa wetu wa Kagera alilifikiri swali hili kwa miaka mingi. Huyo ni Askofu Josiah Kibira.

Mwalimu aliyeokoka

Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 katika kijiji cha Kashenye, Bukoba, karibu na mpaka wa Uganda. Alisoma, kisha akawa mwalimu.

Siku hizo habari ya Uamsho ilikuwa inaenea. Uamsho ulianza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930. Kutoka Rwanda na Uganda uliingia Karagwe na Bukoba. Watu waliookoka waliitwa walokole. Waliungama dhambi zao mbele ya wenzao. Aliyeiba alirudisha mali. Aliyegombana na jirani alikwenda kupatana naye. Kisha walikutana katika ushirika, wakasali, wakaimba na kusaidiana. Mkulima na mwalimu, mwanamke na mwanamume, Mwafrika na Mzungu waliitana ndugu.

Mwaka 1947 Kibira naye aliokoka. Alikuwa kijana wa miaka kama 22. Akapata ndugu wengi ambao si wa ukoo wake.

Ugomvi ndani ya nyumba

Uamsho ulileta uzima, lakini ulileta pia ugomvi. Baadhi ya walokole walisema kwamba asiyeungama hadharani si Mkristo wa kweli. Wakristo wengine nao waliwaona walokole kuwa watu wenye majivuno. Mume aliweza kuwa upande huu na mke upande ule. Wengine walitoka kabisa katika Kanisa wakaanzisha makanisa yao.

Ndugu msomaji, ungefanya nini? Ushirika umekupa uzima. Kanisa ni nyumba uliyomo pamoja na jirani zako. Uache kipi?

Kibira hakuacha hata kimoja. Alibaki mlokole, na alibaki ndani ya Kanisa la Kilutheri. Alikwenda kusoma mambo ya dini Ujerumani, na mwaka 1960 akawa mchungaji. Baadaye alisoma pia Marekani. Mwaka 1964 alishika nafasi ya Askofu Bengt Sundkler, aliyetoka Sweden. Kibira akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Sasa alikuwa askofu wa wote, walokole na wasio walokole. Wakristo wa Kilutheri wa Karagwe pia walikuwa chini yake, mpaka Karagwe ilipopata dayosisi yake mwaka 1979.

Ukoo wenye mlango

Mwaka 1974 kilitoka kitabu chake juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Humo aliueleza ukoo wa Kiafrika, na jambo ambalo Kanisa linaweza kujifunza kwake.

Wewe unaujua ukoo. Ukiugua, watu wako wanakuja. Ukifiwa, hulii peke yako. Ukikosa, wazee wanakuita, wanakuonya, na wanakurudisha. Hawakutupi. Je, ushirika wako wa Kikristo unafanya hivyo?

Lakini ukoo una ua. Aliye nje ya ua si wetu. Hata hivyo wazee wetu walijua njia ya kumwingiza mtu wa nje. Njia hiyo ni omukago, yaani undugu wa kuchanjiana. Watu wawili walikula buni zilizopakwa damu zao. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu, na kumsaliti mwenzako lilikuwa jambo la kutisha. Wakristo nao hula pamoja katika Meza ya Bwana. Hapo mtu wa kila ukoo, kila kabila na kila nchi anafanywa ndugu. Ukoo wa Kanisa una mlango, na mlango huo haufai kufungwa.

Jambo hilo Kibira alilipeleka mbali. Mwezi Juni 1977 Walutheri wa nchi nyingi walikutana Dar es Salaam. Walimchagua kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo, akaifanya mpaka mwaka 1984. Aliyafundisha makanisa kwamba hakuna kanisa tajiri mno lisilohitaji msaada, wala kanisa maskini mno lisiloweza kutoa.

Askofu Kibira alifariki tarehe 18 Julai 1988.

Tujifunze nini?

Ndugu msomaji, ukitafuta ushirika, uangalie vizuri. Ushirika mzuri unakuruhusu kusema kosa lako, na ukilisema hawakucheki. Haukuambii umdharau mama yako kwa kuwa hasali kama wewe. Haukutengi na jirani zako. Maskini anapewa humo nafasi ya kutoa, na tajiri anajifunza kupokea. Ukiona watu wanaoitana ndugu lakini wanamfungia mwingine mlango, kumbuka mwalimu yule wa Kashenye. Yeye alikaa nyumba moja na wale waliomwona mgeni, mpaka wakawa ndugu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ukoo wako unamsaidiaje mtu aliyekosa?
2. Kwa nini Kibira hakutoka katika Kanisa?
3. Je, katika kijiji chenu kuna mtu anayesali peke yake kwa sababu amefungiwa mlango? Mtafanya nini?