Isaya Mukirania, mwalimu aliyepanda mlimani

Kwetu Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, jina la Isaya Mukirania Kibanzanga hulijua hata mtoto wa shule ya msingi. Hakuwa Mwislamu. Naandika habari zake kwa sababu dharau aliyoipinga ni ile ile inayokatazwa katika Surat al-Hujurat, na kwa sababu wengi tunaosoma nao humu wanamjua kama mwasi tu.

Wakati wa Waingereza, Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya ufalme wa Toro. Kodi walilipa, lakini uchifu na nafasi za masomo walizipata kwa shida, na lugha yao ilichekwa. Mwaka 1921 Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli walinyongwa kwa kupinga utawala huo.

Mukirania, mwalimu wa shule, hakuanza na mkuki. Mwaka 1954 alianzisha chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo, kikakusanya habari na mila za wazee. Hapo ndipo mimi ninapomheshimu zaidi.

Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, wajumbe wa Wakonzo na Waamba waliomba katiba ya Toro iwatambue sawa na Watoro. Ombi dogo, ukilitazama leo! Lilikataliwa, wakatoka barazani. Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wakakamatwa. Baadaye Mukirania alipanda mlimani, akaunda serikali ya Rwenzururu, na mwishowe akawa mfalme wake, Omusinga.

Yaliyofuata si ya kupambwa. Nyumba zilichomwa na watu wa pande zote wakauawa, wakiwemo wakulima wa Kitoro ambao hawakuwahi kukaa katika baraza lolote. Aliyebaguliwa naye akambagua jirani yake. Baadhi ya wazee wetu huiruka sehemu hii wanaposimulia, nami sioni kwa nini tuiruke.

Alifariki mwaka 1966 huko huko milimani, akamwachia kiti mwanawe Charles Wesley Mumbere, aliyekuwa bado mvulana. Wilaya yetu ilitengwa na Toro mwaka 1974, mapigano yakaisha kwa makubaliano mwaka 1982, na serikali ikautambua ufalme mwaka 2009.

Na sisi? Tunaswali safu moja, bega kwa bega, kisha tukikaa kuchagua amiri mtu ananong'ona kuuliza mgombea ni kabila gani. Uchaguzi ujao, napendekeza anayeuliza hivyo aulize kwa sauti, mbele ya wote, atueleze jibu atalifanyia nini.