Daktari Livingstone na Biblia Yake Katika Siku za Huzuni

Mara kwa mara tunawasikia Wakristo wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa wakisema kwamba siku za furaha Biblia husomeka vizuri, lakini msiba ukiingia nyumbani, au ugonjwa ukikaa sana, au mikorosho isipozaa na deni likabaki pale pale, macho hupita juu ya mistari na moyo hauko. Hayo ni kweli, wala si aibu. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za mtu ambaye jina lake tulilisoma sote darasani, ila upande huu wa maisha yake hausemwi sana. Mtu huyo ni Daktari David Livingstone.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika nyumba ya maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba, toka alfajiri hadi usiku. Lakini hata kabla ya kwenda kiwandani, akiwa na miaka 9, alikuwa amepata zawadi ya Agano Jipya kwa sababu aliweza kusema kwa moyo Zaburi ya 119. Sisi tuliofundisha watoto twajua maana ya jambo hilo. Zaburi hiyo ina mistari 176. Mtoto hakuielewa yote, lakini aliiweka akiba, na akiba hiyo aliitumia baadaye katika nchi alikokosa hata karatasi ya kuandikia.

Alisomea uganga na dini, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Safari zake za kwanza zinajulikana, nasi hatutazirudia. Twataka tu kukumbusha kwamba tarehe 4 Desemba 1857 alizungumza katika chuo kikuu cha Cambridge, akawaomba vijana waje Afrika, na kutokana na maneno yake ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyoleta Kanisa letu huku kusini. Yeye mwenyewe hakuwa Mwanglikana, lakini sisi tu matunda ya mbegu aliyoipanda.

Baada ya hapo huzuni zilimfuata moja baada ya nyingine. Mwaka 1850 yeye na mkewe Mary walikuwa wamemzika mtoto mchanga. Tarehe 27 Aprili 1862 Mary naye alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, akazikwa chini ya mbuyu. Mwaka 1864 mwana wao Robert alikufa katika vita vya Marekani, akiwa mfungwa. Livingstone alijua kwamba safari zake zilikuwa zimewanyima mkewe na watoto wake mengi, na jambo hilo lilimchoma. Huzuni iliyochanganyika na majuto ni nzito kuliko huzuni peke yake.

Mwaka 1866 alipita jirani na kwetu. Mwezi Machi alishuka Mikindani pamoja na askari wa Kihindi, watu wa Nzwani, vijana waliokombolewa utumwani, na wanyama wa kubeba mizigo: ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Akafuata bonde la Ruvuma kuelekea magharibi. Wanyama wakafa, askari wakamchosha kwa uvivu na ukatili, hata akawarudisha. Mwezi Juni aliona njiani maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, mtumwa aliyeshindwa kwenda na msafara. Babu na bibi wa wengi wetu, Wayao, Wamakua na Wamwera, waliijua njia ile ya watumwa. Kisha watu wa Nzwani wakamtoroka na kueneza habari kwamba ameuawa. Mwezi Januari 1867 mchukuzi mmoja akakimbia na sanduku la dawa. Livingstone aliona kama amehukumiwa kufa, maana homa ilikuwa haimwachi.

Mwezi Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta sehemu kubwa ya mali yake imeibiwa. Akavuka ziwa kwenda Manyema, nchi ambayo leo imo katika Kongo, na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Katika kijiji cha Bambare, toka mwezi Julai 1870, miguu yake ilishikwa na vidonda vilivyokula nyama, asiweze kutembea kwa siku 80 hivi. Wengi wa watu wake walikuwa wamemwacha. Waliobaki walikuwa Susi, Chuma na Gardner. Karatasi ilimwishia, ikawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Watu wapya walipowasili kutoka pwani mwezi Februari 1871, walimletea barua moja tu. Nyingine 40 zilikuwa zimepotea.

Basi katika Manyema, Livingstone aliisoma Biblia yote, toka mwanzo hata mwisho, mara nne.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mtu mwenye huzuni hupenda kufunua hapa na pale akitafuta mstari mtamu, na asipoupata hufunga kitabu. Livingstone hakufanya hivyo. Alisoma kwa utaratibu, sura baada ya sura, pamoja na zile ndefu zenye majina na sheria. Siku ambayo moyo hausikii kitu, mtu husoma tu, na kesho yake huendelea pale alipoachia. Kusoma kwa namna hiyo ni kama kula kwa mgonjwa: hangoji njaa, hula kwa sababu bila chakula hatapona.

Lakini tusimfanye malaika. Katika kusoma kwake habari za Musa alizidi kujenga matumaini kwamba yuko karibu na chemchemi za mto Nili, na kwamba Lualaba ndio Nili wenyewe. Alikosea, mwaka 1877 Stanley alithibitisha kwamba mto ule ni Kongo. Biblia haikumfundisha jiografia. Wala haikumwondolea huzuni. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, aliona wafanyabiashara ya watumwa wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vitu, na mamia wakafa, wengi kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji amevunjika moyo, na hapo Stanley akamkuta mwaka huo huo. Chakula kizuri, dawa na mazungumzo vilimrudishia nguvu. Lakini alikataa kwenda kwao, akaendelea na safari. Mapema mwezi Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, watu wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Wakauzika moyo wake chini ya mti, na kijana Jacob Wainwright akasoma maneno ya maziko. Kisha Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Ukazikwa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Na huyo Chuma ndiye aliyeongoza msafara wa Askofu Steere mwaka 1876, kutoka Lindi mpaka Masasi, wakati watu waliokombolewa utumwani walipoanzisha kijiji cha Kikristo pale. Yule kijana aliyekuwa karibu na mgonjwa wa Bambare ndiye aliyewaonyesha njia ya kuja kwetu.

Ndugu wapendwa, twapata nini katika maisha haya?

Kwanza, tuwafundishe watoto wetu Zaburi kwa moyo wakati mioyo yao ni myepesi. Siku ya msiba si siku ya kuanza kujifunza.

Pili, tukiwa na huzuni tusome kidogo kila siku, kwa mpango, hata kama hatusikii kitu. Asiyeweza sura nzima na asome Zaburi moja asubuhi. Zimo nyingi ambamo mwenye kuomba analia na kumwuliza Mungu maswali. Mungu hachukizwi na maswali hayo, maana yeye mwenyewe ameyaacha katika Kitabu chake.

Tatu, Livingstone alisoma, na tena alitafuta dawa. Vidonda vyake alivipaka kwa unyoya unga wa jiwe la kijani lenye shaba, uliochanganywa na maji. Basi mtu asiyelala usiku, asiyekula, au anayewaza kujiua, asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Asindikizwe hospitali, na Biblia iende pamoja naye.

Nne, tusimwachie mwenye huzuni kitabu tukaenda zetu. Huku kwetu matanga yakiisha watu hutawanyika, na mfiwa hubaki na nyumba kimya. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Tumwendee mjane wiki ya tatu, na mwezi wa tatu. Kama macho yake yamechoka au hajui kusoma, tumsomee kwa sauti, polepole, kisha tunyamaze pamoja naye. Mitaa yetu ina watu wengi wanaojua kusoma. Kila mmoja na achague nyumba moja.

Mungu awafariji wote wanaolia katika Nachingwea na Ruangwa, naye atupe sisi miguu ya kuwaendea.